Cheche na Wakati Wake

Wahenga waliacha methali mbili zinazoonekana kupingana. Walionena kwamba haraka haraka haina baraka ndio hao hao walioonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Wanafunzi wa fasihi simulizi hulijadili suala hili miaka nenda miaka rudi, na aghalabu jibu huwa moja: kila methali ina muktadha wake. Jibu hilo ni sahihi, ila ni wachache waliowahi kuliona likitenda kazi. Mwalimu mmoja mstaafu aliliona ndani ya injini ya pikipiki kuukuu, tena baada ya kuumizwa nayo.

Pikipiki yenyewe ni Triumph Bonneville ya mwaka 1969, iliyoundwa Meriden, karibu na Coventry nchini Uingereza, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1983. Ina silinda mbili na kabureta mbili, na haina stata ya umeme. Anayetaka kuiwasha sharti apige kiki kwa mguu wa kulia. Mwalimu alikuwa ameipiga kiki kwa miaka mingi pasipo tatizo lolote, kisha ikaanza vituko. Kila alipoachilia gesi, injini haikutulia. Iliendelea kunguruma kwa kasi kama mtu aliyeghadhibika, ikatulia baada ya muda, na siku nyingine ikakataa katakata kutulia. Asubuhi moja alipoikanyaga, mkono wa kiki ulirudi juu kwa nguvu ukampiga kwenye kifundo cha mguu. Alichechemea kwa wiki tatu. Wanawe wakakata shauri iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu kabla haijamvunja mguu. Mwalimu akaomba apewe mwezi mmoja.

Fundi wa jua kali aliyeletewa kazi hiyo alikuwa kijana hodari, na shaka yake ya kwanza ilikuwa ya busara. Injini inayokataa kutulia huenda inavuta hewa mahali pasipofaa, au waya wa gesi umekwama. Alizifungua kabureta zote mbili, akazisafisha, akabadilisha waya na plagi. Hali haikubadilika. Alipolegeza skrubu ya kupunguza mngurumo, mambo yalizidi kuwa mabaya: mara injini ilinguruma kupita kiasi, mara ikazimika.

"Mwalimu, mashine hii imezeeka," alisema akijifuta mikono.

"Hata mimi nimezeeka, fundi. Lakini hebu niambie, kabureta inaweza kumpiga mtu teke?"

Fundi alinyamaza. Swali lile lilikuwa ndiyo njia. Kabureta iliyoharibika huweza kuifanya injini ing'ang'anie kasi, lakini teke lile lina asili nyingine: cheche iliyotangulia mno. Dalili zote mbili zilihitaji chanzo kimoja.

Petroli haiungui papo hapo. Moto unahitaji muda kuenea ndani ya silinda, kwa hiyo cheche hutolewa kabla pistoni haijafika juu, ili msukumo mkubwa upatikane pistoni ikiwa imeanza kushuka. Injini inapozunguka mara 1,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sehemu 60 za elfu za sekunde; inapozunguka mara 6,000, huchukua sehemu 10 tu. Muda wa moto kuenea haupungui kwa kiwango hicho. Kwa sababu hiyo, cheche ya mwendo wa kasi lazima itangulie zaidi. Kwenye Bonneville hiyo, cheche hutangulia kwa nyuzi 38 kasi inapopanda, na kwa takriban nyuzi 14 wakati wa kuwasha. Nyuzi 38 zikijitokeza mtu akiwa bado anapiga kiki, moto huisukuma pistoni irudi ilikotoka, na mguu ndio unaolipa. Hapo ndipo methali zile mbili zinapopatana: mwendo wa pole unadai cheche isubiri, nao mwendo wa kasi hauvumilii kusubiri.

Kazi ya kupatanisha hufanywa na kifaa kidogo kilichofichwa nyuma ya platini, chini ya kifuniko cha mviringo upande wa kulia wa injini. Kina vyuma viwili vizito na springi mbili. Kasi ikipanda, vyuma hutanuka na kukizungusha mbele kidogo kijiti kinachofungua platini. Kasi ikishuka, springi huvirudisha.

Fundi alikifungua kifuniko, akakishika kijiti kwa vidole, akakizungusha kuelekea upande wa mzunguko wake, akakiachia. Kifaa kizima hurudi mara moja kwa mshtuko. Hiki kilirudi nusu ya njia, kikakwama. Wote wawili walitazamana.

Kabla ya kukitoa, fundi alichora alama kwenye bamba la platini ili ajue lilipokaa. Ndani alikuta grisi ya miaka mingi iliyogeuka kama gundi, na kutu kwenye mhimili. Alikiosha kwa mafuta ya taa, akausugua mhimili kwa msasa laini sana, akatia tone moja la mafuta mepesi ya injini. Grisi nyingi ingeganda tena, au ingerukia platini na kuiua cheche. Springi moja ilikuwa imenyooka kuliko mwenziwe. Zikawekwa mbili mpya, kwa kuwa springi dhaifu huachia vyuma mapema na kuchelewa kuvirudisha. Hatimaye alipima wakati wa cheche upya, kifaa kikiwa kimezuiliwa mahali pa kutangulia kikamilifu. Injini ilipowashwa ilitulia, nayo kiki haikurudi.

Jioni hiyo mwalimu aliuliza kifaa kile kinaitwaje. Fundi akajibu, "Sisi tunasema tu ile kitu iko nyuma ya platini." Mwalimu alipendekeza *kitangulizi*. Fundi alilitamka mara mbili, akasema linatosha.

Wapo watakaoona kuwa huo ni mzaha wa mwalimu wa Kiswahili asiyestaafu kikweli. Hata hivyo, kabureta, plagi na waya vilishukiwa kwanza kwa sababu vina majina yanayotamkwa kila siku gerejini. Kisichokuwa na jina kilipitwa kwa siku kumi na mbili na shilingi elfu kadhaa. Istilahi si pambo la kamusi tu. Humpa fundi mahali pa kuelekeza shaka yake. Pikipiki haikuuzwa. Kwenye daftari la gereji, chini ya orodha ya mambo ya kukagua injini inapokataa kutulia, fundi ameandika neno jipya, nalo analikagua kabla ya kugusa kabureta.