Daraja la Miguu na Baiskeli



Mimi ni mkazi wa Ilagala, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia katika Ziwa Tanganyika. Mto huu ni mpana, nao una mamba. Lakini leo nataka kusema juu ya vijito.

Wakati wa kiangazi unakiruka kijito kwa hatua mbili. Masika yakija kinajaa kwa usiku mmoja. Watu huweka magogo mawili ya kuvukia, basi. Sasa fikiri una madumu mawili ya mawese juu ya baiskeli. Gogo linateleza. Itakubidi ushushe madumu, uyavushe moja moja kichwani, kisha urudie baiskeli. Mtoto wa shule naye husimama ng'ambo akingoja maji yapungue. Pengine hangoji.

Katika mkoa wetu wa Kigoma yamejengwa madaraja ya mawe. TARURA, yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini, ndio wajenzi, na Wabelgiji walisaidia. Upinde wa mawe hauhitaji nondo. Mafundi kwanza huweka kiunzi cha mbao chenye umbo la upinde. Juu yake hupanga mawe na kuyaunga kwa saruji na mchanga. Huanza pande zote mbili mpaka wakutane katikati. Saruji ikishika vizuri, mbao huondolewa. (Mimi siku hiyo ningesimama mbali kidogo!) Lakini mawe hayaanguki. Kila jiwe linamsukuma mwenzake, na uzito wote unakwenda kwenye kingo. Kwa hiyo kazi kubwa ni msingi. Kingo zikiwa dhaifu, daraja litapasuka.

Dar es Salaam kuna Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Urefu wake unapita kilometa moja, na waendao kwa miguu wana njia yao pembeni. Ni zuri. Sisi hatuhitaji kilometa moja. Tunahitaji mahali pa baiskeli mbili kupishana. Penye mawe karibu, wanakijiji wanaweza kuyakusanya wenyewe, na mchanga pia. Fundi na saruji ndivyo vya kuomba.

Mkutano wa kijiji ukiitwa, kitaje kijito chenu kwa jina. Kabla ya kwenda, hesabuni watoto wanaokivuka kila asubuhi. Iandikeni hesabu hiyo kwenye karatasi, mkampe diwani.