Baba Mkwe Amestaafu, Hisa Zake Bado Ziko Kazini

Siyo siri, wengi wetu tuliooana miaka ya karibuni tunajua vizuri bei ya kiwanja kule Buswelu, lakini hatujui bei ya hisa moja ya benki inayopitisha mishahara yetu kila mwezi. Kiwanja unakiona bwana. Unakipiga picha, unakiwekea mawe ya mpaka, Jumapili unampeleka shemeji akakiangalie. Hisa je? Zamani ilikuwa karatasi, siku hizi hata karatasi hakuna, ni namba tu kwenye simu. Shoga yangu mmoja huniambia hayo ni mambo ya watu wa Dar na wazee wasio na ada za shule za kulipa.

Basi mzee wa namna hiyo mimi ninaye. Ni baba mkwe wangu, anaishi Bwiru, na ukimuuliza kazi yake anakujibu kwamba amestaafu mara tatu: alistaafu uhasibu kwenye pamba, akastaafu biashara ya sangara, na sasa amestaafu kuwekeza. Hanunui tena. Anakaa kibarazani na gazeti, anasubiri gawio.

Mimi na mwenzangu tulimwendea mwaka 2025 tukiwa na shilingi milioni sita na ugomvi mmoja. Yeye alitaka kiwanja, mimi nilitaka hisa, na kila mmoja alikuwa na uhakika Baba atakuwa upande wake. Kwa heshima ya ukwe nilikaa kiti cha pembeni, nikamwachia mume wangu aanze. Si unajua tena nyumba za Kisukuma.

Baba hakutujibu moja kwa moja. Alianza na samaki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria, tena zaidi ya mara moja, na yeye wakati huo mtaji wake wote ulikuwa kwenye barafu na lori. "Ziwa lilikuwepo, samaki walikuwepo, mnunuzi hakuwepo," alisema. Akaanza kutafuta kitu ambacho hakilali njaa kwa sababu ya uamuzi wa mtu aliyeko Brussels. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilikuwa limeanza biashara mwaka 1998, kampuni ya TOL ikiwa ya kwanza kuorodheshwa, lakini yeye aliliangalia kwa mbali kwa miaka kumi. NMB ilipouza hisa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600, alinunua 2,000. Piga hesabu: milioni moja na laki mbili. Mwaka uliofuata CRDB wakauza kwa shilingi 150, akachukua nazo.

Hapo mume wangu akauliza swali ambalo sote tungeuliza: sasa hivi zina thamani gani? Baba akacheka. Akasema hilo ndilo swali la mtu anayetaka kuuza. Kwa miaka kadhaa hisa ya NMB ilikaa palepale, kwenye 2,340, hata usogeze vipi macho. Wauzaji wachache, wanunuzi wachache zaidi. Ukiwa na shida ya haraka, mgonjwa hospitalini, soko kama lile halikusaidii kama ng'ombe atakavyokusaidia. Kilichomweka ni gawio. Kwa mwaka 2024 peke yake NMB ilitoa zaidi ya shilingi 428 kwa kila hisa. Kwa hisa zake 2,000 hiyo ni zaidi ya laki nane na nusu kabla ya kodi ya asilimia 5, kutoka kwenye pesa aliyoitoa mara moja, milioni moja na laki mbili. CRDB walitoa shilingi 65 kwa hisa ambayo yeye aliipata kwa 150.

Nilimtazama mwenzangu kwa jicho la ushindi. Nilifurahi mapema mno.

"Lakini ninyi si mimi," Baba akaendelea. Tuseme leo mtu ananunua hisa hiyo ya NMB kwa shilingi 7,000. Gawio lilelile la 428 kwake ni kama asilimia 6 tu. Bei zikishapanda, aliyechelewa analipia usubirifu wa aliyewahi. Hakutukataza. Alisema tuingie kwa kidogo, kila mwaka, na pesa ambayo hatutaihitaji mpaka mtoto afike sekondari. Na tusinunue kampuni kwa sababu ya kelele. Alitukumbusha Vodacom mwaka 2017, watu walivyonunua kwa shilingi 850, na miaka iliyofuata bei ikashuka chini ya hapo. Kampuni haikufa, mitandao iliendelea kushika, ila waliotaka faida ya haraka walibaki wanatazamana.

Baada ya hapo aliingia kwenye sera, na hapo ndipo mzee anapokuwa mtamu. Anafuatilia riba ya Benki Kuu kama vijana wanavyofuatilia msimamo wa ligi. Anajua kwamba Januari 2024 Benki Kuu ilianza kutumia riba yake elekezi kwa asilimia 5.5, ikapandisha hadi 6 mwezi Aprili, na Julai 2025 ikateremsha hadi 5.75. Mimi mwenye shahada ya mawasiliano kutoka Malimbe nilikuwa naandika haraka kwenye simu ili nisipitwe.

Kilichomuuma ni Aprili 2022. Hatifungani mpya za serikali za miaka 25 zilishushwa riba kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Aliyenunua mwaka 2021 hakuguswa, atakula riba yake ya zamani mpaka 2046 akijaliwa uzima. Lakini mstaafu aliyekuwa anasubiri mafao yake yatoke ndipo anunue, alikuta mlo umepunguzwa mezani. Ajabu ni kwamba Baba aliunga mkono kushusha. "Mkwe, serikali ikikulipa kumi na tano kwa mia umelala, nani atakwenda kuhangaika na kiwanda?" Lawama yake ilikuwa kwenye ghafla. Baadaye riba zikapanda tena, na yeye anasema mtu hawezi kupanga maisha ya miaka 25 kwa sera inayobadilika ndani ya miaka miwili. Mimi hapo namuunga mkono mia kwa mia.

La pili ni soko lenyewe. Dhahabu inatoka Geita na North Mara, samaki wanatoka hapa, pamba inatoka Kwimba na Shinyanga. Ukienda sokoni Dar unakuta nini? Benki, bia, sigara, saruji. Acacia iliyochimba Bulyanhulu na North Mara ilikuwepo kwenye soko hilo tangu 2011, wakati ule ikiitwa African Barrick Gold, ikaondoka 2019 baada ya Barrick kuinunua yote. Na hii ni kanda ambayo wakulima wa pamba, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda shirikisho la vyama vya ushirika mwaka 1955 na kumiliki vinu vyao! Watu wa kanda hii walijua maana ya kuwa na sehemu kwenye kampuni kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Nilimtania kwamba hata Warren Buffett wa Marekani alitangaza Mei 2025 kwamba atang'atuka uongozi, akiwa na miaka 94. "Amechelewa," akasema, akanywa chai.

Nikamuuliza kwa nini basi benki zinatoa magawio makubwa hivyo. Akasita kidogo. Akasema benki inakopesha watu wadogo kwa riba ya asilimia 15 au zaidi, na hao wadogo wanalipa. Akaonyesha kwa kidevu upande wa jikoni, ambako mama mkwe, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, alikuwa anapakua. "Gawio langu, kwa lugha nyepesi, linatoka mfukoni kwa mama yenu."

Kumbe Mama alikuwa anasikia. Alikuja na sinia, akaliweka mezani, akasema bila kupandisha sauti, "Na kwenye hizo hisa jina langu halimo."

Jamani, kibaraza kilinyamaza. Mume wangu akaangalia ziwa. Baba akaeleza kwamba akaunti ilifunguliwa kwa jina lake kwa sababu fomu alijaza yeye, siku ile, basi. Mama akamuuliza, na ukitangulia? Sote tulijua jibu: msimamizi wa mirathi, mahakama, vikao vya ukoo, na kwanza kabisa lazima mtu ajue hisa ziko kampuni gani. Yeye alikuwa anaijua moja tu, kwa kuwa aliwahi kuona bahasha.

Alirudi ndani, akatoka na daftari lake la dagaa, lile la madeni ya wateja, akafungua ukurasa mweupe. "Haya, taja. Moja moja, na idadi."

Baba alitaja sita. Ya saba aliikumbuka wakati tunafungua geti kuondoka.