Maskati, siku za tanga mbili

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na nyote wa mwambao,

Huku Mei inamalizika. Joto la mchana limeshapita nyuzi 40, kaskazi imekwisha na kusi halijakaza. Mzee yeyote wa majahazi huko nyumbani anazijua siku hizi: tanga mbili, pepo hazijaamua, bahari imetulia na imepata moto. Ni siku ambazo watu wa Maskati huamka na kushika simu kuangalia Bahari ya Arabuni ina nini. Dukani, msikitini, kwenye foleni ya mkate, utasikia mtu anauliza, "Jamani, hakuna kitu baharini?" Hana haja ya kutaja jina. Kila mtu anajua anawaza Gonu.

Kimbunga cha Gonu kilizaliwa mwanzoni mwa Juni 2007. Siku chache tu zikatosha kukifanya kikali kuliko vyote vilivyowahi kupimwa katika bahari hii mpaka wakati ule, kisha kikageukia Oman. Kilifika Ras al Hadd kikiwa kimeanza kupungua nguvu, kikaambaa na pwani kuelekea Iran. Watu wa kisiwa cha Masirah walikuwa wameshahamishwa. Mjini tulifunga madirisha, tukanunua mikate na mishumaa. Macho yote yalikuwa baharini, na maji yakaja kutoka majabalini.

Nyuma ya Maskati imesimama safu ya Hajar, mawe matupu, hakuna msitu wala udongo wa kunywa mvua. Mji wenyewe kwa mwaka mzima hupata milimita 100 hivi. Jabal Asfar, upande wa Quriyat, Gonu iliacha zaidi ya milimita 600. Mvua ya miaka sita ilimwagwa juu ya jiwe, ikatafuta njia yake ya siku zote: wadi, yale mabonde ya mito mikavu ambayo kwa miaka mingi watoto walikuwa wakichezea mpira na wakubwa wakiegesha magari. Qurum, al-Amerat, Quriyat yenyewe, maji ya tope yalibeba magari yakayapanga juu ya mengine, yakang'oa lami, yakaingia majumbani na kutokea upande wa pili. Oman nzima walikufa watu 50 hivi, na hasara ilikadiriwa kufika dola bilioni 4.

Jirani yangu mmoja ni bibi aliyezaliwa Chake Chake, akaja Oman na wazee wake miaka ya 70, wakati Sultani Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi. Usiku wa Gonu wanawe walimpandisha juu ya paa. Alibeba msahafu, mkoba wa hati za familia na birika la kahawa, na juu huko akakaa mpaka alfajiri akisikia mitungi ya gesi ikigongana chini kwenye ua. Mlango wake wa jikoni mpaka leo una mstari wa tope, wa rangi ya kahawia, umefika sawasawa na komeo. Wanawe wamekwisha kuipaka nyumba rangi upya, ila mlango ule amewakatalia. Mgeni akiingia anapelekwa jikoni kabla hajapewa kahawa, anaonyeshwa kwa kidole: "Yalifika hapa." Watoto wa mtaa wote wanaujua mstari ule. Mimi naona bibi huyu amefanya kazi ambayo ofisi nyingi hazijaifanya.

Baada ya mafuriko ikaja kiu. Maskati inakunywa bahari iliyosafishwa chumvi. Mtambo wa Ghubra ulikosa gesi, wa Barka ukazimwa na maji yaliyoingia kwenye kituo cha umeme, na mji mzima wa kisasa ukafungua mabomba ukapata hewa. Magari ya maji yalipita mitaani watu wakiyakimbilia. Hapo ndipo waliokulia Ng'ambo na Michenzani walipokuwa walimu. Madumu yalitolewa stoo, ndoo zikapangwa, kopo likarudi bafuni. Nilimwona mama mmoja wa Kizanzibari akiwafundisha wasichana wa jirani kuosha vyombo vya watu kumi kwa maji ya beseni mbili, na ya kusuuzia yakaenda chooni, hayakumwagwa hata tone. Wasichana wale walikuwa hawajawahi kuishi siku moja bila bomba. Walijifunza haraka, na ninaamini mpaka leo hawajasahau.

Lakini kuna jambo linaloniuma kila nikilikumbuka. Siku zile kila mtu alisema haijawahi kutokea. Ilikuwa imetokea. Juni 1890, enzi za Sayyid Faisal bin Turki, kimbunga kilipiga pwani hii hii na kuua zaidi ya watu 700. Kati ya 1890 na 2007 ni miaka 117. Waliokiona walikufa, watoto wao wakafa, wajukuu wakasimuliwa nusunusu. Halafu mji ukakua kwa kasi, watu wakaja kutoka kila pembe, sisi tukiwemo, na wadi zilizokaa kavu miaka nenda miaka rudi zikaonekana ni viwanja. Mgeni hajui maji yalipita wapi. Atajuaje, ikiwa mwenyeji naye hajui?

Na nyumbani ni vivyo hivyo. Waulizeni vijana wa Mji Mkongwe kama Unguja imewahi kupigwa na kimbunga. Wengi watakwambieni vimbunga ni vya Bukini, yaani Madagaska, na Msumbiji. Na wana sababu ya kudhani hivyo, maana kimbunga kinahitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili kijizungushe, msukumo huo karibu na ikweta ni hafifu, na Bukini imekaa mbele yetu ikipokea mapigo mengi. Lakini hafifu si sifuri. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliingia Unguja. Merikebu za Sayyid Barghash zilivunjikavunjika bandarini, na karibu theluthi mbili za mikarafuu na minazi ya kisiwa zikalala chini. Pemba ilisalimika. Mkarafuu hauzai leo ukipandwa leo, unataka miaka, na katika miaka hiyo Pemba ikawa ndiyo shina la karafuu, na ndiyo mpaka hii leo. Wapemba waliopo Maskati, wenye babu waliopanda na kuchuma mikarafuu Wete na Mkoani, wana sehemu ya historia yao ndani ya upepo ule, na wengi niliozungumza nao hawakupata kuusikia. Hata meli ya Glasgow, ile iliyozama bandarini Unguja katika vita vya Agosti 1896, ilitengenezwa kwa sababu merikebu zilizokuwepo kabla yake ziliangamia mwaka 1872.

Kuna kimbunga cha 1952 pia, kilichopiga Lindi, nacho katikati ya Aprili.

Tazameni miezi. Kimbunga kinataka bahari ya moto, nyuzi 26 au 27 na zaidi, na kinataka hewa ya juu itulie. Kusi likikaza Julai na Agosti, upepo wa chini unakwenda huku na wa juu unakwenda kule, kimbunga kinakatwa kichwa kabla hakijasimama. Ndiyo maana vya huku Oman huja kabla kusi halijashika au baada ya kulegea. Masirah iliangamizwa na kimbunga Juni 1977. Gonu Juni. Mekunu iliipiga Salalah Mei 2018. Shaheen iliingia al-Batinah tarehe 3 Oktoba 2021, na al-Khaburah ikapata milimita 369 ndani ya saa 24. Kwetu vimekuja Aprili na Mei, kaskazi inapokwisha. Manahodha waliosafiri baina ya Sur na Unguja hawakuwa na setilaiti, lakini walijua ni siku zipi jahazi halitoki bandarini. Elimu ile ilikuwa vinywani mwa watu, na majahazi yalipokoma, nayo ikakosa pa kukaa.

Shaheen ilinionyesha kwamba kumbukumbu ina faida. Ofisi zilifungwa mapema, watu wa bondeni wakaondolewa. Kisha, maji yalipopungua, vijana kutoka kila mkoa waliingia al-Suwaiq na al-Khaburah na makoleo, mafagio na magari ya maji, wakachota tope kwenye nyumba za watu wasiowajua. Nilimwuliza mmoja wao, kijana wa al-Khoud mwenye Kiswahili cha bibi yake, kwa nini ameacha kazi yake. Akasema mwaka 2007 alikuwa mtoto, na watu wasiowajua walitoa tope nyumbani kwao.

Hata hivyo maji yanaendelea kuua. Aprili 2024, Samad al-Shan, huko Sharqiya ambako koo nyingi za Zanzibar zina asili, gari lililobeba watoto wa shule lilichukuliwa na wadi. Mvua ile haikuwa na jina kama Gonu, ilikuwa mvua tu. Barabarani zipo nguzo zenye rangi za kuonyesha kina cha maji, na sheria inamwadhibu dereva anayevuka wadi kusudi, lakini wadi inaweza kushuka na maji ya mvua iliyonyesha mbali jabalini huku juu yako jua linawaka. Nchi nzima ililia, na sisi tuliwalilia watoto wale kama wetu, kwani ni wetu.

Joto nalo halikumbukwi kabisa. Juni 2018, Quriyat, zilipita saa 24 nzima kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku wa manane ukiwemo. Wataalamu wa hali ya hewa wa dunia waliandika kwamba hawajawahi kuona mfano wa usiku ule. Niliwauliza watu wa Quriyat, wakanitazama. Ya Gonu wanayajua saa kwa saa. Joto halikuacha tope ukutani, halikuondoka na gari la mtu, basi limepita hivi hivi, ingawa kwa mzee mwenye moyo dhaifu na kiyoyozi kibovu usiku kama ule unaweza kuwa wa mwisho.

Mei 2024 kimbunga cha Hidaya kilipoelekea Mafia, mimi nilikuwa macho usiku kucha. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mapema, boti za Dar na Unguja zikasimamishwa, na kimbunga kikafika kimedhoofika. Alhamdulillahi. Lakini kwenye simu nilisoma watu wakiwacheka waliotii, wakisema kwetu vitu hivyo havifiki. Nilitamani kuwaleta wote jikoni kwa jirani yangu.

Kwa hiyo nina ombi. Aliyekuwa na miaka 10 Lindi, Kilwa au Mafia mwaka 1952 leo amepita 80, na wapo bado. Kaeni nao, washeni simu warekodini. Waulizeni upepo ulianzia upande gani, ukageuka saa ngapi, maji yalifika mti gani, nani alipoteza chombo, nyumba ipi ilisimama. Andikeni jina la mahali kama wanavyoliita wao, maana ramani mpya hazina majina hayo. Wa Unguja na Pemba, kama kuna mzee aliyesimuliwa ya 1872 na bibi yake, hata iwe sentensi moja, naitaka. Nitumieni kupitia anwani ya gazeti hili. Mimi huku nimeshaanza na wa Chake Chake, na wiki ijayo nakwenda Quriyat kuonana na wavuvi wawili wanaosema babu zao walikiona kile cha 1890.

Wasalaam,
Ndugu yenu, Maskati