Mrembo wa Tanga, Kuku wa Kujaza Mkate na Simu Aliyoiogopa

Wadau wa Tanga mnamjua. Yule mrembo wa Makorora anayerusha video za mapishi, mwenye wafuasi wa kujaza Mkwakwani. Jina libaki kapuni.

Video iliyompaisha ni ya kuku wa kujaza. Wengine hujaza viazi, wengine mayai ya kuchemsha. Yeye kajaza boflo, chini kaandika: "Nimebuni mwenyewe." Watu wakamwaga makopa.

Sasa ubuyu ni huu: hakubuni. Alifundishwa Ngamiani, barabara ya 12, jikoni kwa mama wa aliyekuwa mchumba wake. Uchumba ulivunjika, na tangu hapo hajampigia yule mama hata simu ya Idi.

Ikaja oda ya sinia la bwana harusi, kuku sita, Raskazone, Jumamosi mchana. Advansi kashalipia kodi ya chumba. Ijumaa usiku akaanza na kuku wawili. Mkate laini wa siku ileile, kaulowesha tui, kashindilia mpaka basi, tumbo kashona kwa uzi wa nailoni. Makaa chini, makaa juu ya bati. Anakuja kufunua: uzi umeyeyuka, tumbo limepasuka, mkate umekuwa uji unaonuka plastiki.

Saa tano usiku akapiga ile simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeunguza nini?"

Mama akafika na bajaji, kabeba boflo zilizolala siku mbili na kifundo cha katani. Hiyo ndiyo Tanga yenyewe. Mkonge uliletwa na Mjerumani mwaka 1893, ukapandwa upande wa Pangani, mpaka leo watu wanasokota kamba zake. Mama yeye anashonea kuku. Anairoweka majini kwanza isiungue.

Kazi ikaanza upya. Boflo ikachanwa kwa mkono, ikakaushwa kwenye kikaango kikavu. Vitunguu vikakaangwa kwa samli mpaka vikawa rangi ya dhahabu, zikafuata thomu, tangawizi, bizari na pilipili manga. Maini na firigisi zikakatwa vidogo, zikaivishwa humohumo. Yai moja na tui zito kidogo, la kushikanisha tu. Kuku kapakwa ndimu na chumvi, ndani na nje.

"Usishindilie," mama akasema. "Mkate unakunywa mchuzi wa kuku, unavimba. Uachie nafasi. Na usijaze mapema ukaacha kuku analala, jaza ukiwa moto uko tayari."

Kuku wakageuzwa rangi taratibu. Kila mmoja kabla ya kutolewa, mama alichoma kijiti mpaka katikati ya mkate. Kikitoka hakijapata moto sawasawa, kuku anarudi. Alfajiri wanne walikuwa tayari, wawili wengine wakanunuliwa sokoni kulipokucha.

Usiku kucha mama hakuigusa habari ya video. Binti anasubiri kusemwa, hasemwi. Mpaka ananawa mikono aondoke, ndipo akasema:

"Mwanangu, ile video yako nimeiona. Umesahau zabibu."

Akapanda bajaji, akaenda zake.

Sinia likafika Raskazone kwa wakati. Jumapili, maneno ya chini ya video yakabadilika: "Nimefundishwa na mama mmoja wa barabara ya 12." Wapo waliomcheka, wapo waliomwita mwizi. Binti kajibu mara moja tu:

"Zabibu msisahau."