Fizi: Moto ya Kichina haitaki mzaha

Baraka, Kivu ya Kusini. Kila jumamosi jioni, muuguzi mmoja wa kituo cha afya kilicho kwenye milima ya nyuma ya Baraka anatandika turubai chini ya mwembe, anatoa kle zake na kuanza kukagua moto yake kutoka mbele hadi nyuma. Watoto wa avenyu wanamwita « Docta wa moto ». Yeye anacheka tu. Lakini mazoea hayo hayakuja bure. Yalimgharimu motere.

Moto yenyewe ni ya Kichina, aina ile ambayo wamotari wanaiita kross: imenyanyuka juu, pine zake zina meno, motere ni ya 200. Aliinunua kwa dola 1,350. Feza zilitoka kwa zamu mbili za likelemba ya wauguzi, mbuzi wanne, na akiba ya mke wake anayeuza ndagala sokoni. Prime ya serikali hakuihesabu, maana kwa wauguzi wengi wa mashambani prime inakuja siku inayopenda yenyewe.

Wenzake walimwonya kwamba vitu vya Kichina havidumu. Yeye aliwaonyesha moto ya Kijapani iliyoletwa na mradi mmoja, ikisimama uani mwa kituo mwaka wa pili ikingoja kipande kimoja ambacho hakipatikani hata Uvira. « Moto nzuri isiyotembea ni kiti », aliwaambia.

Jambo la kwanza alilojifunza ni kwamba moto mpya si moto tayari. Nyingi zinazouzwa upande huu wa ziwa zinafika ndani ya kasha, nusu zimefunguliwa. Fundi wa duka anaziunga haraka haraka kwa sababu wateja wamesimama mlangoni. Wiki ya kwanza barabarani, kioo cha kushoto kilianguka. Wiki ya pili, bulo mbili za garde-boue zilipotea. Wiki ya tatu, gurudumu la nyuma lilianza kucheza kama mlevi: reyo zilikuwa zimelegea zote. Alikaza, akasonga mbele, akadhani shida imeisha.

Shida kubwa ilikuwa kwenye mafuta ya motere. Kwa kupunguza matumizi, alinunua kopo kwa muuzaji wa kando ya njia. Maandishi ya kopo yalikuwa mazuri na bei ilikuwa nusu ya ile ya duka. Alifanya vidanje moja kwa mafuta yale, kisha akasahau. Miezi ilipita. Kila siku alipanda mlima, kila siku alishuka, na hakuna siku alifungua kifuniko kutazama kama ndani kumebaki kitu.

Mwezi wa kumi na moja, katikati ya mvua, alitumwa kuchukua chanjo za surua. Alifunga boksi ya baridi nyuma ya kiti, akaondoka alfajiri. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya digri 2 na 8, na barafu haina subira. Akiwa nusu ya mlima, motere ilipiga kelele kavu, gurudumu la nyuma likashikwa, moto ikateleza kidogo na kusimama. Alikanyaga kiki. Ilikuwa kama kukanyaga jiwe.

Motari kijana aliyekuwa akishuka na mteja alisimama, akagusa silinda, akarudisha mkono haraka.

« Mzee, hii imekamata. »

« Imekamata nini? »

« Pistoni. Mafuta iko? »

Walifungua kifuniko. Kijiti cha kupimia kilitoka kikavu, na doa moja jeusi kwenye ncha.

Kijana alimpeleka mteja wake, kisha akarudi kubeba boksi peke yake hadi kituoni. Muuguzi alimlipa franka 20,000, feza zote zilizokuwa mfukoni. Yeye alibaki kusukuma moto kwa saa tatu kwenye udongo mwekundu.

Chanjo zilifika zikiwa baridi. Lakini mama zaidi ya thelathini walikuwa wamekaa tangu asubuhi, na saa sita ilipopita, wengi walibeba watoto wao wakarudi mashambani. Kuna waliokuwa wametembea saa mbili. Mama mmoja aliyebaki alimtazama vile alivyojaa tope, akamwambia kwa sauti ya chini: « Docta, siku ingine utuambie mapema kama ni moto yako ndiyo inapanga siku ya chanjo. » Hakujibu. Maneno hayo yalimuuma kuliko mgongo.

Mjini Baraka, fundi mzee alifungua motere na kumwonyesha silinda iliyokwaruzwa kama ubao wa kukatia nyama. Alisugua mafuta yaliyobaki katikati ya vidole. « Mwanangu, haya ni mafuta yaliyokwisha kutumika. Watu wanayachuja, wanayarudisha ndani ya makopo. »

Muuguzi alingoja kusikia bei ya kuuza mbuzi wengine. Fundi akasema: silinda, pistoni, segma, joint na kazi, dola 55, kesho jioni.

Hapo ndipo alielewa uzuri wa moto yake. Motere hiyo inafuata mfano wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 kwa ajili ya inchi ambako moto inabeba mzigo mzito na fundi ana kle chache. Supapu zake zinasukumwa na fito, hakuna shene ya juu ya kurekebisha. Wachina waliuchukua mfano huo, wakaukuza, na leo vipande vyake vinauzwa hata soko ambako hakuna dawa ya kikohozi. Ni motere inayosamehe mengi. Kukosa mafuta haisamehi.

Tangu siku ile ana kaye. Mke wake ndiye anaiandika, maana akiba yake ndiyo iko ndani. Kila kilometa 1,000, mafuta mapya ya duka, kama litre moja, na kile kichujio kidogo cha waya cha chini kinaoshwa kwa petroli. Supapu zinapimwa motere ikiwa baridi, milimita 0.08. Filtre ya hewa inaoshwa kila wiki wakati wa vumbi. Shene inapigwa brashi na kupakwa mafuta. Reyo zinagongwa moja moja kwa kle: iliyokazwa inalia, iliyolegea inanyamaza. Petroli ya chupa za kadafi inachujwa kwa kitambaa, maana maji hayakosi.

Amejifunza pia kwamba ziwa na mlima ni inchi mbili. Tanganyika iko karibu metre 770 juu ya bahari, lakini kule juu hewa ni nyepesi, motere inakunywa petroli kupita kiasi na bujia inakuwa nyeusi. Alishusha sindano ya karbirateri ngazi moja, moshi ukapungua.

Mwezi wa tisa, wakati wa minerval za watoto, shemeji yake alimletea wazo: moto ipewe motari, ilete versement ya franka 10,000 kila siku. Hesabu ilikuwa tamu. Mke alifungua kaye, akaonyesha ukurasa wa mwezi wa kumi na moja, akauliza: « Na siku ya chanjo, utaifuata wapi? » Shemeji alikunywa chai yake, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mihogo.

Leo kompteri inaonyesha kilometa 14,000. Kiti kimepasuka na kushonwa, taa ya nyuma imefungwa kwa mpira. Moto ya mradi bado iko uani, kuku wanalala juu yake. Na siku ya chanjo, wakisikia motere ikipanda kona ya mwisho kabla ya saa mbili, mama wanaanza kupanga mstari wenyewe.