Fanya Juu: Somo la Kani Katika Vilima vya Kalama

Wazazi wenzetu, wengi wetu hukutana na tatizo hili watoto wanapoingia sekondari msingi: huyakariri maneno ya sayansi pasi na kuyaelewa. Binti yetu aliweza kutaja kani, mvutano na msuguano kwa ufasaha, lakini akiulizwa kani hufanya nini, hunyamaza. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba somo lile si lake, nasi tulihofu, kwani msichana akikata tamaa katika umri ule ni kazi kumrejesha.

Likizo ya Disemba tulialikwa Kalama, katika vilima vya Machakos. Sisi tuliozoea ardhi tambarare ya pwani tulistaajabu kuona mashamba yamekatwa ngazi ngazi ubavuni mwa kilima. Mama mwenyeji wetu akatueleza: "Mvua yetu haidumu, bali ikija huja kwa kishindo. Usipoizuia, itakwenda zake na udongo wako."

Maneno yale ni sayansi kamili. Dunia huvuta kila kitu kuelekea chini. Penye tambarare, kani hiyo hukandamiza kitu pale kilipo. Penye mteremko, sehemu yake hukandamiza na sehemu huvuta kufuata mteremko. Mwinamo ukifika nyuzi 30, jiwe huvutwa kuteremka kwa nusu ya uzito wake. Kinachopinga ni msuguano. Ukizidiwa, maji hushika kasi, na kasi ikiongezeka mara 2, nishati ya mwendo huongezeka mara 4. Ndiyo maana maji ya mvua huweza kuchimba makorongo.

Dawa ya wakulima wale ina jina la Kiswahili linalotumika hata katika vitabu vya kilimo vya kigeni: fanya juu. Huchimbwa mtaro unaokikata kilima kwa usawa, na udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta. Maji yakifika tutani hupungua kasi, udongo yaliyoubeba hutua, na mwaka baada ya mwaka shamba kati ya matuta hupungua mwinamo hadi likawa ngazi. Mvutano haukuondolewa, maji yamefupishiwa njia ya kukimbilia.

Binti yetu akauliza, "Mama, kwa nini mtupe juu, na kutupa chini ni rahisi?" Mwenyeji akacheka, akampa sepetu. "Jaribu, mwanangu." Baada ya kutupa mara kumi, mikono ilikuwa ikimtetemeka. "Sasa naijua kani," alisema. Akaelezwa kwamba kutupa chini nako kupo, huitwa fanya chini. Huokoa nguvu za leo, lakini hakulifanyi shamba kuwa ngazi kama fanya juu.

Si jambo dogo. Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa imemomonyoka vibaya. Kufikia 1990 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara 5, na hata hivyo mmomonyoko ulikuwa umepungua. Matuta mengi yalichimbwa na vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, na wanawake walikuwa nguzo yake. Wengi wao hawakuwahi kuketi darasa la sayansi, lakini mikono yao iliijua kani barabara.

Si lazima kusafiri. Twaeni sinia mbili, mzijaze udongo, mziinue upande mmoja kwa kimo sawa. Katika moja pigeni matuta madogo ya kukingama. Nyingine iacheni wazi. Mimineni maji polepole kwa birika, kiasi kilekile, kisha mtazame rangi ya maji yanayotoka. Kabla ya kumimina, mwacheni mtoto aseme anachotarajia na sababu yake. Msimjibie.