Mkono wa Mama

Mama yangu alikuwa msuka ukili. Tangu nilipopata akili nilimwona amekaa barazani kwetu Tanga, miguu ameinyoosha, fungu la miyaa limelala kando yake, na vidole vikienda bila ya yeye kuvitazama. Angeweza kuzungumza na jirani, kumkaripia mtoto na kuitikia salamu ya mpita njia, na ukili ukazidi kurefuka. Mikeka yake imelaliwa katika nyumba nyingi za mtaani kwetu, na baadhi yake ndiyo iliyowapokea wafiwa na maharusi.

Kiharusi kilimpata mwaka 1993, masika yalipokuwa yanaanza. Aliamka kwa ajili ya sala ya alfajiri, akaanguka baina ya kitanda na mlango. Upande wote wa kushoto ulikuwa umelegea na mdomo umekwenda upande. Wapo waliosema ni upepo mbaya, na wapo waliosema amekanyaga pasipokanyagwa. Tulimwita mwalimu amsomee, na hospitali tukampeleka siku ya pili. Sisemi haya kwa kudharau kisomo. Dua ina mahali pake na dawa ina mahali pake. Kosa letu lilikuwa kudhani kuwa kimoja lazima kingoje kingine. Huko hospitali tukaambiwa presha yake ilikuwa juu mno. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akijua kwamba ana presha.

Baadaye nilijifunza kwamba kiharusi hakitoki nje ya mwili. Ni mshipa wa damu wa ubongoni, ama umezibwa na damu iliyoganda, ama umepasuka. Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hula karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu zote tunazozitumia tukiwa tumepumzika. Ukikatiwa damu hauwezi kusubiri. Mwaka 2006 daktari mmoja wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu akakadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika inayopita hufa seli za ubongo zipatazo milioni 1.9. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo Marekani waliiidhinisha kwa kiharusi mwaka 1996. Lakini hutolewa katika saa chache za mwanzo, tena baada ya kichwa kupigwa picha, kwa kuwa mshipa ukiwa umepasuka dawa hiyo hiyo inaweza kuua. Kwa hiyo mwaka ule wa 1993 hata tungekimbia, dawa hiyo tusingeikuta. Jambo hilo hunipunguzia uchungu kidogo. Lililobaki halinipunguzii kitu.

Mama hakufa. Baada ya miezi miwili alikuwa akitembea kwa mkongojo, na maneno yake yanasikika. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa mzito, ingawa haukufa kabisa: kidole gumba kilicheza, na kiganja kiliweza kufumba nusu. Nasi wanawe tukaazimia kumlipa fadhila zake zote. Dada zangu walimfunga kanga, wakammenyea machungwa, wakamkamulia nazi, wakamsuka nywele. Kula alikula mwenyewe, maana mkono wa kulia ulikuwa mzima. Kwa hiyo ule wa kushoto ukawa hauna kazi yoyote duniani. Uliwekwa mapajani kama kitu cha amana.

Siku moja tulikwenda mazikoni, tukamwacha na mjukuu wake wa miaka mitano. Mtoto yule hakuwa ameambiwa na mtu kwamba bibi hawezi. Alimletea miyaa akamtaka amsukie kikapu cha kuchezea. Tuliporudi tulimkuta mama amekaa chini, jasho linamtiririka, miyaa ameibana kwa kiganja cha kushoto dhidi ya paja, kile kidole gumba kinasukuma, na mkono wa kulia unasuka. Ukili ulikuwa umepinda vibaya, urefu wake haupiti shibiri. Dada yangu alipiga kelele: "Mama, unajitafutia nini? Sisi hatupo?" Mtoto alikaripiwa akalia. Mama alicheka kicheko cha aibu, kama mtu aliyefumaniwa, akauachia ule ukili. Mimi ndiye niliyechukua fungu la miyaa nikalipandisha darini.

Hakusuka tena. Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Alipofariki, dada aliyekuwa miongoni mwa waliomkosha aliniambia kwamba vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekaza kiasi kwamba iliwabidi kuvikunjua kimoja kimoja.

Miaka ilipita ndipo niliposoma habari za mtaalamu wa Marekani aitwaye Edward Taub, nikafahamu tulichokifanya. Taub aliwafanyia majaribio nyani wadogo kwa kukata neva zinazoleta hisia kutoka mkono mmoja. Mnyama aliacha kuutumia mkono ule, na kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba hawezi kuutumia. Taub akaufunga mkono ule mzima. Mnyama, kwa kuona njaa haina subira, akaanza kuchukua chakula kwa mkono uliodhaniwa umekufa. Na mkono mzima ukifungwa siku za kutosha, tabia hiyo ilibaki hata baada ya kufunguliwa. Na alipowakata neva za mikono yote miwili, waliitumia yote, kwa kuwa hawakuwa na mwingine wa kutegemea. Akahitimisha kwamba sehemu ya ulemavu ni ya kujifunza. Siku za mwanzo mnyama hujaribu akashindwa, akaumia, akaona mkono mwingine unatosha, na akili ikaandika kwamba mkono huu haufai. Baadaye ubongo unapoanza kupata nafuu, hajaribu tena.

Elimu hiyo haikupatikana kwa bei rahisi. Mwaka 1981 polisi walivamia maabara yake huko Silver Spring, Maryland, akashitakiwa kwa kuwatesa wanyama. Hukumu zilizotolewa dhidi yake zilitenguliwa baadaye. Mwaka 1991 watafiti waliowachunguza baadhi ya wanyama wale wale walitangaza kwamba sehemu ya ubongo iliyokuwa ikipokea habari za mkono sasa inapokea habari za uso. Kiwanja kisicholimwa na mwenyewe kilikuwa kimelimwa na jirani.

Taub aliendelea huko Alabama, akawavalisha wagonjwa wa kiharusi glavu nene kwenye mkono mzima, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Jaribio kubwa la matibabu hayo lilitangazwa mwaka 2006. Wagonjwa walikuwa 222, waliopatwa na kiharusi kati ya miezi 3 na 9 kabla ya kuanza. Wale waliopewa matibabu hayo walifungwa mkono mzima karibu muda wote wa kuwa macho, kwa wiki mbili, huku wakifanyishwa mazoezi kila siku ya kazi. Walipata nafuu kubwa kuliko wenzao, na nafuu hiyo ilionekana hata baada ya mwaka. Sharti lilikuwa moja: mkono uwe na uhai kidogo wa kuanzia. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini, nikakikumbuka kile kidole gumba.

Ipo na habari ya Pedro Bach-y-Rita, mwalimu wa chuo huko New York, aliyepatwa na kiharusi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwanawe George alimchukua nyumbani kwake Mexico, akamfundisha kutambaa kama mtoto mchanga, kisha kusimama kwa kushika ukuta, kisha kuosha masufuria kwa mkono mbovu. Majirani walimlaumu kwa kumdhalilisha mzee. Baada ya takriban mwaka mmoja mzee alirudi kufundisha, na alipofariki, miaka kadhaa baadaye, alikuwa anapanda mlima Colombia. Ubongo wake ulipochunguzwa ilionekana lile jeraha kubwa halikupona. Sehemu nyingine zilikuwa zimejifunza kazi yake. Mwanawe mwingine, Paul, alitumia maisha yake yote kuchunguza jambo hilo.

Sitaki msomaji atoke hapa akamtese mgonjwa wake. Utafiti mkubwa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi mno katika saa 24 za mwanzo kunaweza kumdhuru, na wapo ambao mkono wao haurudi kwa zoezi lolote. Kazi ya kupima hayo ni ya waganga. Lakini wagonjwa tunao. Uchunguzi uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta wanaopatwa na kiharusi kila mwaka, baada ya kusawazisha umri, ni kama 109 katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na kama 316 Dar es Salaam. Wengi wa hao hurudi nyumbani kwa watu kama sisi, wenye huruma nyingi na elimu kidogo.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku zote nilidhani methali hiyo inamsaidia mwenyeji. Sasa nadhani yapo majembe yanayomsaidia mgeni mwenyewe.

Mwaka juzi jirani yangu alipatwa. Alipokwisha kuruhusiwa na daktari wake kuanza mazoezi, nilikwenda kumwamkia, nikamkuta mkewe anamfunga vifungo vya shati. Nikamwambia: "Shemeji, hebu mwache afunge mwenyewe." Alinitazama kama anavyotazamwa mtu asiye na utu. Sikumlaumu. Nikamweleza habari za mama yangu, mpaka ile ya darini, ambayo sikuwa nimemweleza mtu. Hakunijibu neno, ila aliondoa mikono yake, akaja kukaa mkekani karibu yangu.

Kifungo cha kwanza kilimchukua mumewe muda mrefu sana. Kilimponyoka mara tano au sita, na kila kilipoponyoka mkewe aliinuka nusu, akaketi tena, akaishika mikono yake kwa nguvu. Nami yangu nilikuwa nimeikalia.